Mzee Chapa na Wembe wa Ufunguo Mmoja

Ndugu, majirani na wenzake wa kazini mliofika, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu mliyemzoea kwa jina la Mzee Chapa, yameandikwa na dada yake anayesimama mbele yenu, kwa tarehe ambazo marehemu mwenyewe alizihakiki kwa kalamu nyekundu, na kwa agizo lake kwamba yasomwe yote bila kurukwa hata mstari mmoja, kwa kuwa ndani yake kuna kosa alilolifanya akiwa na miaka ishirini, kosa lililompeleka kaka yake gerezani, ambalo kwa karibu miaka ishirini na mitatu alitafuta mahali pa kulisahihisha mbele ya watu asipate.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la kinyozi la baba yetu, akiwa wa mwisho kati ya watoto watatu, mbele yake wakiwa kaka mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1944, na dada yao wa kati, ndiye huyu anayewasomea, aliyezaliwa mwaka 1948. Baba alikuwa kinyozi, mwana wa kinyozi, na siku hiyo alikuwa katikati ya kumnyoa mteja, sauti ya mtoto iliposikika ukutani mkono ukamcheza akamkata yule mteja ncha ya sikio, na mteja alipolalamika baba alimfuta damu akamwambia, "Wewe una masikio mawili, mimi sasa nina watoto watatu, tazama nani ana shida."

Baba alikuwa na mkono mwepesi kwa wateja na mzito kwa wanawe. Mkanda wa ngozi wa kunolea, uliokuwa ukining'inia kando ya kioo, asubuhi ulinoa nyembe na jioni ulishuka kwenye migongo, na tarehe 6 Juni 1957 marehemu, akiwa na miaka sita, alichapwa nao hadi akazirai, kosa lake likiwa kujaribu makali kwa kidole kilicholowa maji. Mama aliingia kati akiwa na birika mkononi, akapoteza jino la mbele. Historia ya mama iliyosomwa alipozikwa mwaka 1963 ilieleza kwamba jino hilo lilitoka alipoteleza kwenye ngazi, nyumba ile haikuwa na ngazi, na marehemu aliagiza jambo hilo lisahihishwe leo pamoja na mengine.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 1958, baba alikaa kwenye kigoda mlangoni pa duka akiwa na wembe wa kukunja mkononi, akiufunga mpini mweusi wa plastiki kwa nyundo ndogo, na vile visumari vyembamba vya kushikia mpini akiwa amevibana kwa midomo. Marehemu, mwenye miaka saba, aliuliza ni wembe gani, na baba akajibu kupitia visumari, marehemu akasikia, "Wembe mpya huo, ukikua utanyolea." Kaka mkubwa siku hiyo alikuwa shule ya bweni. Dada alikuwapo, akishona kifungo cha shati hatua tatu kutoka kwenye kigoda, na ameulizwa mara nyingi baba alisema wembe "mpya" au alisema ameuvika mpini "upya", naye jibu lake ni lile lile, kwamba neno alilisikia, lakini visumari vilikuwa vingi na hawezi kuapa.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1968, ambako alisifiwa kwa hesabu na kwa mwandiko, na alisimamishwa wiki mbili mwaka 1966 kwa kumvunja pua mwanafunzi mwenzake aliyemwita baba yetu mchinjaji. Baada ya masomo alisimama kando ya baba dukani, akajifunza kunyoa, na wateja waliompitia wanakiri kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mwalimu wake. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 1971, baba alipatwa na kiharusi akiwa kazini, wembe ukiwa shingoni mwa karani wa posta, karani akashikilia mikono ya kiti hadi baba alipoanguka upande wa pili, kisha akatoka mbio barabarani na ndevu za shavu moja, na baba akafariki usiku huo.

Wiki moja baadaye, Jumatatu tarehe 9 Agosti, kaka mkubwa, ambaye alikuwa ameajiriwa mji mwingine, aliingia dukani kuchukua kitu kimoja tu.

"Wembe wa babu nauchukua," alisema.

"Babu yupi?" marehemu akamuuliza. "Babu alikufa mwaka arobaini na tisa. Huu baba aliuleta hamsini na nane, nikiona kwa macho yangu."

"Babu aliniwekea mkononi mwangu nikiwa na miaka mitano. Baba alikuwa anautunza tu."

"Wewe tangu lini ukasema kweli? Utazame mpini huo. Plastiki hiyo ilikuwapo enzi za babu?"

Kaka aliuchukua kutoka mezani, marehemu akaudaka, na wembe wa kukunja ukivutwa na watu wawili hufunguka wenyewe, marehemu akawa ameshika makali na kaka ameshika mpini, na kaka alipovuta, mishipa ya vidole vitatu vya mkono wa kulia wa marehemu ilikatika, vidole vikalala na havikuinuka tena hadi alipofariki. Kwa mkono wa kushoto marehemu aliokota kinoo, jiwe la kunolea lenye uzito wa tofali, akampiga nacho kaka usoni mara mbili, pigo la kwanza likavunja mfupa wa shavu na la pili likaliharibu jicho la kushoto. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, kwa hiyo damu haikuonekana rangi, ilionekana kwa kung'aa. Dada aliwaingilia kwa ndoo ya maji, akatoka na jeraha la nyuzi saba mkononi, kovu lake anaweza kulionyesha mwenye shaka.

Polisi walimkamata kaka mkubwa peke yake, kwa kuwa duka lilikuwa mikononi mwa marehemu na kaka ndiye aliyekuwa ameingia, akashtakiwa kwa kujeruhi na kwa wizi wa kutumia nguvu. Jumanne, tarehe 21 Septemba 1971, marehemu alisimama kwenye kizimba cha mashahidi, mkono umefungwa bendeji, akaeleza mbele ya ukumbi uliojaa kwamba wembe ule ulinunuliwa na baba mwaka 1958 ukiwa mpya, kwamba babu hakuwahi kuugusa, na kwamba kaka yake ni mwongo na mwizi. Hakimu aliugeuza wembe mkononi, akasema hata asiyeona angejua kwa kupapasa kwamba mpini ule si wa zamani, akatoa kifungo cha miaka mitano. Marehemu alitabasamu. Yeye mwenyewe aliagiza tabasamu hilo liandikwe.

Gerezani, mwaka 1973, kaka mkubwa alipigwa na wafungwa wenzake kwa mguu wa kitanda, akapoteza usikivu wa sikio la kulia, na alipotoka tarehe 20 Septemba 1976 mchumba wake alikuwa ameshaolewa na mji mzima ulikuwa umempa jina la Mwizi, jina ambalo watoto waliliimba, wakakua, wakawafundisha watoto wao, na baadhi yao wamekaa hapa leo.

Marehemu hakuweza tena kunyoa, akalifunga duka, na kuanzia Januari 1972 hadi Desemba 1988 alifanya kazi katika karakana ya hospitali, akinoa mikasi na visu vya madaktari kwa mkono wa kushoto. Wembe alirudishiwa na mahakama kama mali yake, akautia kwenye kopo la biskuti, akalifunga kwa waya na kuapa kutolifungua.

Jumamosi, tarehe 12 Mei 1979, alifunga ndoa na mkewe, mshonaji wa nguo za shule, ambaye tunaye hapa. Picha ya harusi iliyopo sebuleni inamwonyesha bwana harusi amevimba mdomo, na wageni wote wameambiwa lilikuwa jino, ukweli ni kwamba kaka mkubwa alifika mlangoni saa tatu asubuhi, akampongeza kwa ngumi moja, akaondoka bila kula. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1981 na mwana mwaka 1984, na hao hawakuwahi kuonja mkono wa baba yao, ingawa milango mitatu ya nyumba ile ina mabonde ya ngumi, na bibi harusi wa wakati huo alijifunza kuvitoa vyombo vya udongo mezani kila tarehe 21 Septemba.

Mwaka 1989 aliajiriwa na kampuni moja ya mnada, kazi yake ikiwa kusafisha nyembe za kale na kutaja umri wake, na hapo ndipo alipopata jina la Mzee Chapa. Kwa wasiojua kazi hiyo, wembe wa kukunja hauna tarehe, lakini karibu na mkia wake, chini kidogo ya pale makali yanapoanzia, kiwanda kimepiga chapa, labda jina la mwenye kiwanda, mtaa, taji, mnyama au nyota, na viwanda vilihama mitaa, vilirithiwa, viliongeza jina la nchi sheria ilipotaka, kwa hiyo mwenye subira ya kupanga chapa hizo kwa mfuatano anaweza kusema huu ni kabla ya mwaka fulani na huu ni baada yake. Marehemu alichora chapa mia sita na kumi na mbili katika madaftari manne. Sheria yake ya kwanza, aliyoibandika ukutani juu ya meza yake, ilisema, "Mpini huvunjika na kubadilishwa, soma chapa." Aliwahi kuletewa wembe na bwana mmoja aliyedai babu yake mkuu aliutumia vitani, akauangalia kwa lenzi, akamwambia, "Basi shujaa huyo alinyolewa akiwa amekufa miaka thelathini," bwana yule akamzaba kofi, marehemu akapangusa lenzi na kuandika tarehe ile ile.

Alhamisi, tarehe 17 Novemba 1994, sanduku la nyembe kumi na nne lililetwa kwenye mnada, zote za kiwanda kimoja chenye alama ya ufunguo, pamoja na vitabu vya mauzo vya kiwanda hicho, na vitabu vilionyesha bila utata kwamba hadi mwaka 1931 chapa ilikuwa ufunguo mmoja uliosimama, na baada ya hapo funguo mbili zilizopishana. Marehemu alijua aliwahi kuuona ufunguo ule, na alijua ni wapi. Alirudi nyumbani kabla ya muda wa kazi kwisha, akakata waya wa kopo kwa koleo, na chapa ilikuwa ufunguo mmoja. Akang'oa visumari vya baba, akatoa mpini wa plastiki, akapima upana wa bamba, lilikuwa limeliwa na kinoo robo nzima, ulaji wa miaka arobaini na zaidi. Mwaka 1931 baba alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wembe ulikuwa wa babu, kaka alikuwa amesema kweli, na mtu aliyekuwa akilipwa kwa kutosoma mpini alikuwa ameusoma mpini mbele ya hakimu.

Alinyamaza miaka sita na miezi minne. Tunayasema haya kwa sababu yeye alitaka yasemwe, kwamba katika miaka hiyo alitaja tarehe za nyembe za watu wasio ndugu zake zaidi ya elfu moja bila kukosea, na akapishana na kaka yake barabarani, na akasikia watoto wakiimba. Ni mkewe aliyemkuta ameukodolea macho ule wembe, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Baba wa watoto, za watu unazisoma, ya kwako unaifungia kwenye kopo la biskuti. Vaa viatu."

Jumanne, tarehe 3 Aprili 2001, alivaa viatu, akaenda kwenye kiwanda cha mbao alikofanya kazi kaka mkubwa, akasimama upande wa sikio linalosikia, akamweleza yote. Kaka alizima msumeno.

"Rudia," alisema.

"Wembe ni wa babu. Ni wako. Nilikosea."

"Ulilisema mahakamani, watu wamejaa hadi madirishani. Leo unakuja kuninong'oneza kwenye maranda?"

Kaka mkubwa aliuchukua wembe, akaubana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akaupiga nyundo ukakatika vipande vitatu, kisha akaokota kipande cha ubao na kumpiga mdogo wake hadi mfupa wa bega na mbavu mbili vikavunjika. Msimamizi alipokuja mbio, marehemu akiwa chini alisema ameangukiwa na mbao, na hakuangukiwa na mbao. Kaka aliinama juu yake akamwambia, "Wembe siutaki. Nataka uliyoyasema yasemwe upya, mbele ya watu wengi kama wale. Siku hiyo ndipo utaniita kaka."

Hapo ndipo ilipoanza kazi ngumu kuliko zote za maisha yake. Agosti 2001 alikwenda mahakamani, karani akamsikiliza kwa adabu, akamjibu, "Mzee, jalada limeliwa na mchwa, na kifungo kilishatumikiwa. Sasa unataka tumrudishie miaka?" Jumamosi, tarehe 15 Juni 2002, aliitisha kikao cha ukoo, akasimama kusema, akaambiwa alete wembe, wembe umevunjwa, akaambiwa anamchafua baba aliyelala, na aliposhikilia, baba mdogo alimpiga fimbo ya kutembelea kichwani, nyuzi nne. Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2008, kwenye harusi ya binti yake, alishika kipaza sauti akaanza, "Mwaka sabini na moja nilimpeleka kaka yangu jela," mpiga muziki akapandisha sauti ya spika, wageni wakadhani ni utani wa mzee aliyekunywa kidogo, wakapiga makofi. Kaka mkubwa alikuwa amesimama nje ya geti. Aliyasikia makofi, akaondoka.

Februari 2019 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, vipimo vikaonyesha saratani ya koo, na tarehe 11 Juni mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kisanduku cha sauti, akaachwa na tundu la kupumulia shingoni, na tangu siku hiyo mtu aliyekuwa akitafuta watu wa kumsikiliza hakuwa tena na cha kusikilizwa. Alikuwa akiandika kwenye kibao cha watoto cha kufutika. Oktoba 2023 hali ikawa mbaya, akalazwa, na kaka mkubwa akaja wodini bila kuitwa, akavuta kiti.

"Nasikia unakufa," alisema. "Na langu je?"

Marehemu aliandika, "Nitalisema msibani kwangu. Huko hakuna anayemkatiza marehemu."

"Mimi mkubwa. Nikitangulia?"

"Basi lisomwe kwako."

"Kwangu usithubutu," kaka alisema, akamshika kola, marehemu naye akamshika koo kwa ule mkono mzima, wakavutana wazee wawili wa miaka sabini na kitu, mmoja ana jicho moja na mwingine hana sauti, hadi muuguzi akawatenganisha akisema, "Babu zangu, hapa ni wodi, si ulingo." Kaka alirudi kesho yake na siku zilizofuata. Hawakuongea mengi, na hatuwezi kuwaambia kwamba walisameheana, kwa sababu hatukuona.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, miezi kumi na siku ishirini na tatu. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja na kaka mmoja. Maneno yafuatayo aliyaandika kwa mkono wake wa kushoto na kuyatia sahihi mbele ya mkewe na daktari, nayo yanasomwa kama yalivyo.

"Tarehe 21 Septemba 1971 nilisema mahakamani kwamba wembe ulikuwa mpya na ulinunuliwa na baba mwaka 1958. Si kweli. Ulitengenezwa kabla ya mwaka 1931, ulikuwa wa babu, na babu alimpa kaka yangu. Kaka hakuiba, alichukua kilicho chake. Vidole vyangu nilivikata mwenyewe kwa kushika makali ya kitu kisicho changu, na jicho lake nililitoa mimi. Yeyote aliyemwita Mwizi alilitoa jina hilo kinywani mwangu, na mimi nimelifuta. Msamaha siombi, kwa kuwa nimeshamuuliza akasema hatoi, na ni haki yake."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya koo, hasa muuguzi aliyewatenganisha wazee bila kuwaripoti, majirani waliotuletea viti na maji tangu Jumanne, wenzake wa mnada waliotunza madaftari yake manne, na msimamizi mstaafu wa kiwanda cha mbao, ambaye alijua tangu mwanzo kwamba hakuna mbao iliyoanguka. Tunakushukuru wewe kaka mkubwa, uliyekaa kiti cha mbele, kwa kuketi hadi sentensi hii.

Mdogo wetu, ukumbi umejaa hadi madirishani, na wamekusikia. Lala kwa amani.